Samli ya Marieta

Bernadina wa Basotu alikuwa akilisubiri gari la mradi wa damu kama watoto wanavyosubiri Krismasi. Wenzake wakisikia limefika zahanati, ghafla kila mmoja ana kibarua, au ana msiba Katesh, au ana ng'ombe aliyeshindwa kusimama. Bernadina yeye alioga, akavaa gauni la kanisani, akawahi benchi la mbele na kukunja mkono wa gauni kabla hajaambiwa. Na akishatolewa damu hakuondoka. Alibaki pale pale kuwacheka wanaume wanaofumba macho wakiona sindano.

Mradi wenyewe ulianza miaka mingi nyuma, baada ya kampuni moja iliyokuwa ikilima ngano kule juu kufungasha virago. Iliacha ghala bovu, matrekta yasiyo na matairi, na mabaki ya dawa ya wadudu ambayo ilikuwa imeshapigwa marufuku. Dawa ile, wataalamu walieleza, haiishi upesi. Ikiingia kwa mtu inajificha kwenye mafuta ya mwili na kukaa humo miaka na miaka. Basi wakachagua familia zilizokuwa jirani na mashamba, wakawa wanarudi kila mwaka baada ya mavuno, watu wale wale, mikono ile ile, waone kiwango kinapanda au kinashuka. Cha kuitoa hawakuwa nacho. Mzee Bura, mume wa Bernadina, aliwauliza siku ya kwanza kabisa, "Sasa mnapima ili iweje?" Wakamwambia ni muhimu kujua. Bura akasema haya, akatoa mkono.

Bura alikuwa amebeba bomba la kunyunyizia mgongoni misimu mingi, na kiwango chake kilimshinda kila mtu pale kijijini. Akawa anajisifia nacho. "Mbu akiniuma, msiba uko kwao," alisema, na watu wakacheka kwa sababu kulia kusingemsaidia. Cha Bernadina kilikuwa kidogo, na kila mwaka kilipungua. Cha binti yao Marieta kilikuwa karibu na hakuna. Hapo ndipo palipokuwa na raha ya Bernadina. Alizunguka kwa majirani kuwatangazia damu ya mwanaye kana kwamba binti kafaulu mtihani wa taifa.

Marieta akaolewa Maretadu, kule Mbulu, na kijana mpole aitwaye Modest, mkulima wa mahindi na maharage. Bernadina alilia harusini mpaka padri akamkonyeza anyamaze. Lakini moyoni alijiliwaza: Maretadu ni mbali na mashamba ya ngano, huko damu ya mwanangu itazidi kusafika. Marieta akapata mimba, na kwa kuwa ulikuwa uzazi wa kwanza, akarudi kwao Basotu kujifungua.

Sasa hapa lazima nikueleze habari za samli, maana bila hiyo hutaelewa kitu.

Mama wa kule mwenye binti hasubiri binti ashike mimba ndipo aanze kutafuta samli. Akisubiri, atachekwa mpaka kaburini. Anaanza binti akiwa bado anaota meno ya utu uzima. Kila masika, maziwa yakiwa mengi, anachemsha siagi, anachuja, anamimina kidogo juu ya ile ya mwaka jana. Samli hiyo ni ya mzazi peke yake. Haiungiwi mboga, mgeni hatengewi, na mama mwenyewe haonji hata kwa ncha ya kidole. Siku binti akijifungua, ndiyo inatiwa kwenye uji wake asubuhi na jioni, na watu wanakuja kuangalia shavu lake ili wajue mama yake alikuwa mtu wa namna gani.

Bernadina alianza na kibuyu. Panya wakakitoboa, samli yote ikaenda, na mwanamke yule alikaa siku nzima bila kusema na mtu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Ndipo Bura akamletea dumu kutoka ghala la kampuni. Lilikuwa la bluu, zito, mdomo mpana, na mfuniko wa kuzungusha ambao panya hata angekuja na ukoo wake wote asingeufungua. Bernadina alijua lilikuwa na nini, hakuwa mjinga. Alilisugua kwa majivu, akalimiminia maji yanayochemka, akalisugua tena kwa mkaa uliotwangwa kama wanavyosugua vibuyu vya maziwa, akalianika juani mpaka harufu ikaisha kabisa. Harufu ikiisha, chombo kimesafika. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na kwa vibuyu ilikuwa kweli siku zote. Ubavuni palikuwa na alama ya fuvu la mtu. Hakuipenda, akaigeuzia ukutani.

Kila mwaka watu wa mradi waliuliza maswali yale yale. Mnachotea maji kwa madumu ya dawa? Hapana. Mnahifadhi nafaka humo? Hapana. Mnanyunyizia mboga dawa gani? Hatunyunyizii. Bernadina alijibu kweli tupu. Habari ya samli hakuna aliyeiuliza, na yeye hakuona inaingiaje kwenye mambo ya dawa.

Mtoto akazaliwa wa kiume, mnene, ana sauti ya mnadani. Modest akataka aitwe Wolfgang, jina la padri wa kizungu aliyembatiza babu yake. Bernadina akajaribu kulitamka, ulimi ukakataa. "Aka! Jina hilo mtaliita ninyi," akasema. "Mimi huyu ni mume wangu, basi." Bura akanung'unika kwamba ameletewa mwenzake ndani ya nyumba yake mwenyewe, tena hata meno hana.

Ilikuwa miezi mizuri ile, jamani. Asubuhi Bernadina aliwasha moto kabla ya jogoo, akakoroga uji, akafungua dumu, akachota. Jioni tena. Marieta alinawiri, ngozi ikang'aa, maziwa yakawa yanamwagika yenyewe. Alikuwa akisogeza bakuli na kusema, "Mama, niongezee kidogo," na Bernadina akimwongezea alijiona amemaliza kazi aliyoletewa duniani. Mtoto akanenepa mpaka vifundo vya mikono vikapotea. Wanawake wa jumuiya walipokuja kuwaona walimwambia Bernadina, "Hapa umetukomesha." Yeye akajifanya hajasikia, ili waseme tena.

Gari la mradi likafika Marieta akiwa bado pale kwao. Akatolewa damu pamoja na wazazi wake kama kawaida, akarudi Maretadu na mtoto wake.

Majibu yaliletwa na Samira. Huyu alikuwa nesi wa mradi, binti wa wafanyabiashara wa vitenge wa Katesh, mtu wa adabu ambaye kijiji kizima kilimwita daktari na yeye alishachoka kuwakatalia. Akasalimia, "Shikamoo mzee, shikamoo mama," akakaa, akafungua mkoba, akaufunga tena. Bernadina akaona kitu hakipo sawa.

"Sema, mwanangu. Ni huyu mzee wangu? Ndiyo anakwisha?"

"Hapana, mama. Mzee yuko vile vile. Ni Marieta. Cha kwake kimepanda."

"Kimepanda kidogo?"

"Kimempita mzee."

Bernadina alicheka, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha: msichana ambaye hajawahi kushika bomba ampite Bura! Kisha akaacha kucheka. Akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake.

Lakini Bernadina hakuwa mtu wa kukaa chini muda mrefu. Kabla gari la Samira halijafika barabarani, alishajua mchawi ni nani. Maretadu! Wale watu wananyunyizia maharage dawa kama wanaosha basi! Akachukua simu, akapanda kichuguu penye mtandao, akampigia mkwewe Modest. Heshima ya ukwe aliiacha pale chini. Alimwambia amemchukua binti mzima akamrudishia sumu, kwamba mama yake Modest ana roho mbaya na shamba lake linanuka, na kwamba kama angejua angemwoza Marieta kwa mchunga punda. Modest akasikiliza mpaka mwisho. "Nimekuelewa, mama," akasema. "Sitanyunyizia tena." Na kweli aliimwaga dawa yake yote, na msimu ule wadudu waliyala maharage yake yakabaki mashina.

Haikupita muda Samira akarudi. Mradi ulikuwa umemtuma atafute chanzo. Alikuwa ameshapima maji ya Maretadu, udongo wa Maretadu, hata maharage yaliyobaki ghalani kwa Modest, na hakupata kitu. Marieta alikuwa amekuja naye kwenye gari, mtoto mgongoni, amepungua kidogo kwa mawazo.

"Rudia kupima," Bernadina akaamuru. "Wale watu wanaficha."

"Nimerudia, mama. Si kule."

Bernadina akamtazama Samira kuanzia kichwani, akashuka. Macho ya mwanamke yule yalikuwa hayapitwi na kitu. "Ala! Wewe mtoto," akasema, "una mgeni tumboni na unazunguka kwenye magari?"

Samira akaona haya, akarekebisha mtandio. Ilikuwa kweli, hata bosi wake alikuwa hajamwambia.

Na hapo Bernadina akafanya jambo ambalo mtu wa kwao hafanyi. Samli ya mzazi ni ya binti yako, haitoki nje ya nyumba. Lakini binti huyu alikuwa amezunguka wilaya mbili kwa ajili ya Marieta, na mimba yake changa, na Bernadina hakuwa mtu wa mkono wa birika. "Subiri," akasema, "nina kitu chako." Akaingia chumbani. Wakamsikia akihema, kwa sababu dumu lilikuwa zito na yeye alikuwa ameshazeeka. Akatoka amelikumbatia kifuani, akaliweka chini mbele ya Samira, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi lile fuvu likatazama watu.

"Hii ndiyo imemlea Marieta," akasema. "Nakupa ujazo wa chupa. Utakuja kunishukuru."

Samira hakusema ahsante. Alichuchumaa, akapitisha kidole juu ya ile alama.

"Mama, hili dumu mlilitoa wapi?"

"Shambani," Bura akajibu kutoka kwenye kigoda chake. "Ghalani. Lilikuwa na dawa, lakini alilisafisha huyu. Alilisafisha sana."

"Na samli imekaa humo tangu lini?"

Bernadina alikuwa bado ameshika mfuniko. Samira akaanza kueleza kwa upole, akiangalia chini: kwamba dawa ile inaingia kwenye plastiki yenyewe, majivu hayaifikii, kwamba maji haiyapendi, inapenda mafuta, kwamba ukiweka samli humo mwaka baada ya mwaka, inatoka kidogo kidogo na kuingia kwenye samli. Mwili ukila ile samli unaipokea. Alieleza vizuri, hata Bura akaelewa. Bernadina alielewa kabla hajamaliza.

"Nilikuwa namwongezea," akasema. "Alikuwa akiniomba, nikawa namwongezea."

Marieta alimshusha mtoto mgongoni akampakata. Kama angepiga kelele ingekuwa afadhali. Kama angesema, mama umeniua, Bernadina angepata pa kushika. Marieta alisema tu, "Mama hukujua," kisha akaangalia titi lake na mtoto.

Samira akampigia simu Daktari Nicodemo, mkuu wa mradi, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie. Bernadina akaipokonya ile simu.

"Daktari, nipe dawa ya kuitoa."

"Hakuna, mama. Aache kula hiyo samli. Mwili wenyewe utaipunguza polepole."

"Mpeni ya kuharisha. Muongezeni damu. Mtoleeni yote mumwekee yangu."

"Haiko kwenye damu tu, mama. Iko kwenye mafuta ya mwili mzima. Hakuna namna ya kuifuata."

"Miaka yote mnakuja na sindano, hamjapata namna?"

"Tunapima, mama," daktari akasema. "Ndiyo kazi yetu."

Marieta akauliza swali lake moja, anyonyeshe au aache? Daktari akajibu aendelee. Maziwa ya mama bado yana faida kubwa kuliko hatari, na huko Maretadu maziwa ya kopo atayapata wapi, na maji ya kuyakorogea ni yapi? Ilikuwa kweli na wote walijua ni kweli. Marieta akamweka mtoto kwenye titi huku machozi yakimtoka, na mtoto akanyonya kwa fujo kama kawaida yake, akipiga mguu.

Hata lile dumu halikuwa na pa kwenda. Samli msiimwage chini, Samira alionya, itaingia kwenye maji. Dumu msilichome. Mbwa msimpe. Lifungeni, liwekeni mbali na watu, gari litakuja kulichukua. Bura akalipeleka kwenye banda la zamani la mbuzi, na gari halikuja. Bernadina alipiga simu mara nyingi, akaambiwa linashughulikiwa. Alipopita pale kwenda kuchota maji alitazama upande mwingine.

Bernadina alimpigia Modest yeye mwenyewe kumwomba radhi. Alishuka Maretadu kwa mguu wake, na kuku wawili na gauni lake la kanisani, akapiga goti mbele ya mama wa Modest, yeye Bernadina ambaye hajawahi kupiga goti isipokuwa kwa Bwana Yesu. Mama yule akamwinua, wakalia wote wawili. Lakini kulia hakukumpunguzia Marieta chochote, na Bernadina alirudi Basotu vile vile alivyokwenda.

Mwaka ukazunguka. Gari likaja, wakatoa damu. Safari hii Bernadina alikaa benchi la nyuma, na wanaume waliofumba macho hakuwacheka. Kisha ikaja siku ya majibu. Marieta alikuwa amekuja tena na mtoto, ambaye sasa anatembea kwa kuyumba, mashavu hayo, akimfuata Bura kila mahali na kumnyang'anya fimbo. Samira alishuka garini. Yeye alishajifungua salama, kwao Katesh.

"Cha Marieta kimeshuka," akasema kabla hajakaa. "Kimeshuka sana. Sijawahi kuona mtu wa mradi akishuka hivi kwa mwaka mmoja."

Bernadina hakusubiri amalize. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Akamkumbatia Marieta, akamshukuru Bikira Maria kwa sauti, akamshukuru Samira, akamshukuru hata Daktari Nicodemo ambaye alikuwa amemlaani mwaka mzima. Akamnyanyua mjukuu wake juu. "Mume wangu, umesikia? Mama yako amepona!"

Bura alikuwa amekaa anatafakari. "Binti yangu," akamwambia Samira, "mimi changu tangu mmeanza kupima hakijashuka hata kidogo. Huyu kashusha kwa mwaka mmoja. Amefanyaje? Niambie na mimi nifanye."

Samira akakunja karatasi zake.

"Wewe, mzee, hunyonyeshi," akasema.

Kuku alipita katikati yao na vifaranga vyake. Bernadina alikuwa bado amemshika mtoto juu. Akamteremsha pole pole mpaka kifuani, akaona uzito wake wote, ule unono aliokuwa akiwaonyesha watu. Marieta alikuwa ameinama, amejifunika uso kwa khanga. Alikuwa anajua dawa ile ilikokwenda. Kumbe alikuwa anajua muda mrefu, na alinyonyesha hivyo hivyo, kwa sababu hakuwa na cha kumpa kingine.

"Sasa amefikisha umri wa kupimwa," Samira akasema, sauti imeshuka. "Daktari ameomba aingizwe kwenye mradi. Mama yake amekubali."

"Kila mwaka?" Bernadina akauliza.

"Kila mwaka, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka awe mtu mzima. Ikiwezekana, na baada ya hapo."

"Na mkikuta kiko juu?"

Samira akatoa sindano ndogo, ya watoto, akafuta mikono yake kwa spiriti. Mtoto anahitaji mtu wa kumshika, Samira akasema, asitikisike. Bernadina akamkazia kifuani, akaunyosha ule mkono mnene usio na kifundo. Mtoto akamtazama usoni akicheka, akidhani ni mchezo.

"Ngoja," Bernadina akasema. Akakunja mkono wa gauni lake, akautanguliza mbele ya sindano, mkono wake mkavu wenye mishipa. "Chukua kwangu. Chukua unayotaka, mwache huyu."

"Ya kwako tumeshachukua, mama," Samira akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Majibu yako ninayo hapa. Damu yako haina kitu kabisa. Wewe ndiye msafi kuliko wote kijijini."

Bernadina hakuwa amewahi kuilamba ile samli, hata kijiko. Yote alimwekea mwanaye. Akavuta mkono wake, akamshika mjukuu vizuri, akageuza uso wa mtoto begani kwake ili asione.

"Haya," akasema. "Toa."